Mshale Unaelekea Wapi? Mnyororo wa Chakula kwa Wanafunzi wa Shule ya Msingi

Chukua penseli na karatasi. Kushoto chora nyasi, katikati chora swala, kulia chora simba. Sasa waunganishe kwa mishale miwili.

Mshale ulio kati ya simba na swala umeuelekeza wapi? Ikiwa umeutoa kwa simba ukaupeleka kwa swala, umefanya kama wanafunzi wengi wanavyofanya, na sababu yako naielewa. Simba ndiye anayenyemelea, ndiye anayeruka, kwa hiyo mkono wako umeufuata mwendo wake. Lakini katika mnyororo wa chakula mshale hauonyeshi nani anamshambulia nani. Unaonyesha chakula kinakwenda wapi. Nyama ya swala inaingia tumboni mwa simba, basi mshale unatoka kwa swala na ncha yake inamgusa simba. Nyasi nazo zinaingia tumboni mwa swala, basi mshale unatoka kwenye nyasi kwenda kwa swala:

nyasi → swala → simba

Kila unapokutana na mshale, soma "huliwa na". Nyasi huliwa na swala, swala huliwa na simba. Ukisoma hivyo hutakosea tena.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu naamini ndilo ufunguo wa mambo mengine yote. Mshale ni njia, na kuna kitu kinachosafiri juu yake. Tukikifuata kitu hicho tangu kinapoanza safari, tutaelewa kwa nini simba ni wachache kuliko swala, kwa nini mnyama mkubwa kuliko wote duniani hula viumbe wadogo kama uduvi, na kwa nini msitu ulio chini ya bahari unaweza kutoweka kwa sababu watu wamewinda mnyama mwenye manyoya.

Kinachosafiri juu ya mshale

Kitu hicho kinaitwa nishati. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na mwili wako una kazi nyingi hata usipojua. Ukiwa umelala fofofo, moyo unadunda, mapafu yanavuta hewa, na ngozi yako inabaki na joto. Kazi zote hizo zinatumia nishati, nayo huja kwenye chakula. Simba huipata kwa swala, swala huipata kwenye nyasi. Nyasi nazo huipata wapi? Hazina mdomo, hazina tumbo, na hujawahi kuziona zikimkimbiza mtu yeyote.

Rudi kwenye karatasi yako. Juu ya nyasi chora jua, kisha chora mshale mmoja zaidi, kutoka kwenye jua kwenda kwenye nyasi.

Majani yana rangi ya kijani kwa sababu ndani yake mna kitu kinachoitwa umbijani, ambacho wengine hukiita klorofili. Kazi ya umbijani ni kunasa mwanga wa jua. Mmea hunyonya maji kwa mizizi, huvuta hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo sana vilivyo kwenye majani, halafu kwa nguvu ya ule mwanga huunganisha maji na hewa hiyo kuwa sukari. Kazi hii inaitwa usanisinuru. Neno lenyewe linajieleza: usanisi ni kuunganisha vitu mbalimbali kuwa kitu kimoja, na nuru ni mwanga. Kinachobaki mmea hukitoa hewani, nacho ni oksijeni unayoivuta sasa hivi.

Watu wengi, hata wakubwa, hudhani kwamba mmea hula udongo. Miaka zaidi ya 370 iliyopita mtu mmoja aliyeitwa Jan Baptist van Helmont, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alitaka kuhakikisha. Alikausha udongo, akaupima ukawa na uzito wa karibu kilo 90, akautia kwenye chungu kikubwa. Akapanda mche wa mti wenye uzito wa kilo 2 na kitu. Kwa miaka mitano hakuongeza chochote isipokuwa maji. Mwishoni akaung'oa mti na kuupima: ulikuwa umefika karibu kilo 77. Kisha akaukausha tena ule udongo na kuupima. Ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60, sawa na konzi ndogo ya mchanga.

Fikiria hilo kidogo. Mti umeongezeka kilo zaidi ya 70, udongo umepungua kwa konzi moja tu. Van Helmont alisema basi mti wote umetokana na maji. Alikosea nusu, kwa sababu hakujua kwamba sehemu kubwa ya ule ubao ilitoka hewani. Jaribio lake lilichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufariki, na bado nalipenda kuliko majaribio mengi ya kisasa. Mtu yeyote mwenye chungu, mizani na subira anaweza kulielewa.

Kwa kuwa mimea hujitengenezea chakula, inaitwa wazalishaji. Karibu kila mnyororo wa chakula huanza na mzalishaji anayenasa mwanga wa jua. Baharini kazi hiyo hufanywa zaidi na vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, vidogo kiasi kwamba huwezi kuviona bila hadubini. Karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika humo majini.

Viumbe wengine wote, ambao hawawezi kujitengenezea chakula, ni walaji. Swala ni mlaji wa kwanza, kwa kuwa anamla mzalishaji moja kwa moja. Wanyama wa namna yake huitwa walamajani. Simba ni mlaji wa pili, tena ni mlanyama. Wapo pia wanaokula mimea na wanyama, kama kuku anayedonoa punje na panzi, au binadamu. Hao ni walavyote.

Sasa fuata mishale yako kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Nyama ya simba ilikuwa nyama ya swala. Nyama ya swala ilikuwa nyasi. Nyasi zilikuwa maji, hewa na mwanga. Simba haishi kwa kula majani, lakini nguvu anayoitumia kuruka ilitoka kwenye jua, ikapitia kwenye jani.

Kwa nini simba ni wachache

Hapa ndipo panaponivutia zaidi, na naomba tukae kidogo.

Tuseme nyasi za uwanja mmoja zina vipimo 10,000 vya nishati. Panzi wanazila. Je, miili ya panzi itakuwa na vipimo 10,000? Hapana. Kwanza, panzi hawali kila kitu: mizizi inabaki ardhini, na majani mengine yanakauka. Pili, sehemu ya wanachokula haisagiki, inatoka kama kinyesi. Tatu, na hii ni sehemu kubwa, panzi wanatumia nishati kuruka, kupumua na kutafuta wenzao, na nishati iliyotumika inageuka joto na kupotea hewani. Inayobaki mwilini, yaani ile ambayo mnyama mwingine anaweza kuila, kwa wastani ni karibu asilimia 10 tu. Mahali pengine huwa chini ya hapo, pengine juu, lakini 10 ni namba nzuri ya kufanyia hesabu.

Basi tufanye hesabu. Nyasi 10,000. Panzi 1,000. Vyura wanaokula panzi: 100. Nyoka wanaokula vyura: 10. Mwewe anayekula nyoka: 1.

Umeona? Uwanja mzima wa nyasi, na mwewe amepata kipimo kimoja. Ndiyo maana huwezi kuona kundi la mwewe 200 juu ya uwanja mmoja, lakini panzi 200 ni jambo la kawaida. Ndiyo maana pia mnyororo wa chakula hauwi mrefu sana: mara nyingi una mishale mitatu au minne, kisha nishati inakuwa ndogo mno kumtosha mlaji mwingine juu yake. Mnyama wa kuwinda mwewe na kuishi kwa mwewe peke yake angekufa njaa.

Ukizipanga namba hizo kama matofali, nyingi chini na chache juu, unapata umbo la piramidi. Mwingereza Charles Elton ndiye aliyelieleza vizuri umbo hilo mwaka 1927. Miaka sita kabla yake, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Oxford, alisafiri kwenda visiwa vya Spitsbergen karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Kule kuna baridi kali na aina chache za viumbe, na uchache huo ulimsaidia sana. Katika msitu mnene wa nchi za joto ingekuwa vigumu kujua nani anamla nani. Kwenye visiwa vya barafu aliweza kufuata mishale karibu yote, kutoka kwenye mimea hadi kwa wadudu, ndege, na mbweha wanaowala ndege hao. Nawe ukitaka kuchora mnyororo wa kweli, fanya kama yeye: anza mahali penye viumbe wachache.

Baadaye Mmarekani Raymond Lindeman akatumia miaka kuchunguza ziwa dogo katika jimbo la Minnesota, akipima nishati ngazi kwa ngazi, kutoka kwa vijimea hadi samaki. Alifariki mwaka 1942 akiwa kijana, na makala yake ikatoka miezi michache baadaye. Kazi yake ndiyo iliyowafanya wanasayansi waanze kuhesabu nishati, si wanyama peke yao.

Kwa hesabu hiyo unaweza kukitegua kitendawili cha nyangumi wa bluu. Ni mnyama mkubwa kuliko wote, anaweza kuzidi meta 30 kwa urefu. Ungetarajia awinde samaki wakubwa. Badala yake anakula krili, viumbe wadogo wanaofanana na uduvi. Mnyororo wake ni huu:

vijimea vya baharini → krili → nyangumi wa bluu

Mishale miwili tu. Kila mshale unaoongezwa unapoteza karibu sehemu 9 katika 10 za nishati, kwa hiyo nyangumi amekaribia sana mwanzo wa mnyororo, mahali ambapo nishati bado ni nyingi. Mwili mkubwa namna ile usingeweza kulishwa na mnyororo mrefu.

Kitu kisichopungua njiani

Nishati hupungua kila inapopanda, lakini sumu fulani hufanya kinyume chake. Watu walipoanza kutumia dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT, waliinyunyiza mashambani na kwenye madimbwi. Kiasi kidogo kiliingia majini. Vijimea vikaipata kidogo sana. Viumbe wadogo wakala vijimea vingi, samaki wadogo wakala viumbe hao wengi, samaki wakubwa wakala samaki wadogo wengi, na tai wakala samaki wakubwa. Mwili hauwezi kuitoa DDT kwa urahisi. Huiweka kwenye mafuta yake na kubaki nayo. Kwa hiyo aliyekula samaki mia alibeba sumu ya samaki mia.

Nchini Marekani tai wenye vichwa vyeupe walianza kutaga mayai yenye maganda membamba. Mama alipoyaatamia, yalivunjika. Mwaka 1963, ukiacha Alaska, nchi hiyo kubwa ilikuwa imebakiwa na jozi zisizofika 500 za tai hao. DDT ilipigwa marufuku huko mwaka 1972, tai wakaongezeka polepole, na mwaka 2007 waliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Hakuna aliyewanyunyizia tai sumu. Iliwafikia kwa kufuata mishale.

Mnyororo mmoja hautoshi

Mpaka hapa tumechora mstari mmoja, na mstari mmoja ni msaada mzuri kwa anayeanza. Lakini nitakuwa nimekudanganya nikiishia hapo. Swala haliwi na simba peke yake; chui anamla, duma anamla, fisi anamla. Simba naye hali swala tu, anakula pundamilia na nyati pia. Ukichora mishale yote hiyo, karatasi inajaa mistari inayopishana kama utando wa buibui, na kweli wanasayansi wanauita utando wa chakula. Mnyororo ni uzi mmoja uliouvuta kutoka kwenye utando huo.

Ukigusa utando wa buibui upande mmoja, upande wa pili unatikisika. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika bahari ya kaskazini ya Pasifiki. Huko anaishi fisi maji wa baharini, mnyama mwenye manyoya mazito sana. Chakula anachokipenda ni wanyama wadogo wa duara waliojaa miiba mwili mzima, wanaotambaa kwenye sakafu ya bahari. Wanyama hao wa miiba nao hula mwani mkubwa, kiumbe cha majini kinachofanana na mmea, kinachoweza kukua kirefu kama mti na kuwa msitu kamili chini ya maji, ambamo samaki hujificha na kulelea watoto wao.

mwani mkubwa → wanyama wa miiba → fisi maji

Kuanzia miaka ya 1740 wawindaji waliwaua fisi maji kwa ajili ya ngozi zao, hadi mwaka 1911 mataifa manne yalipokubaliana kuacha. Wakati huo walikuwa wamebaki wachache sana. Mahali walipopona, walizaliana tena. Mahali pengine hawakurudi kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 wanasayansi James Estes na John Palmisano walilinganisha visiwa vya Aleutian vyenye fisi maji na visiwa visivyo nao. Kwenye fisi maji, msitu wa mwani ulikuwa umestawi. Pasipo na fisi maji, sakafu ya bahari ilikuwa imejaa wanyama wa miiba, na mwani mkubwa haupo. Walikuwa wameutafuna.

Fisi maji hali mwani. Kati yake na mwani hakuna mshale hata mmoja. Lakini anakula karibu robo ya uzito wake kila siku, na kwa kuwala wanyama wa miiba huwazuia wasiumalize mwani. Mwanafunzi akikuuliza, "Tukiwaondoa wanyama wakali wote, si walamajani watafurahi?" mpeleke kwenye visiwa vile. Walaji wakizidi, chakula kinakwisha, na baada ya chakula kwisha wao wenyewe wanabaki na njaa.

Mshale unaorudi ardhini

Kwenye karatasi yako bado kuna pengo. Simba haliwi na mnyama mwingine, au haliwi mara nyingi. Je, mnyororo unaishia kwake?

Simba akifa, fisi na ndege wala mizoga hufika kwanza, kisha funza, kisha wale wasioonekana: bakteria na kuvu, ndugu wa uyoga. Hao wawili ndio waozeshaji wakuu. Huvunjavunja mwili, jani kavu, mavi na gogo lililoanguka, mpaka vinabaki virutubisho ambavyo mizizi inaweza kuvinyonya. Ile konzi ya udongo iliyopungua kwenye chungu cha van Helmont ilikuwa virutubisho vya namna hiyo. Ni kidogo, lakini mmea haukui bila hivyo. Kwa hiyo chora waozeshaji chini ya karatasi, na upeleke mshale kwao kutoka kwa kila kiumbe: nyasi, swala na simba. Kisha kutoka kwao rudisha mshale kwenye udongo wa nyasi. Huu mmoja uchore kwa rangi nyingine, maana haubebi nishati, unabeba virutubisho.

Tofauti hiyo ni kubwa. Virutubisho huzunguka, kilichokuwa ndani ya simba kinaweza kuwa ndani ya jani mwakani. Nishati haizunguki. Inaingia kama mwanga, inapita mshale kwa mshale, inatoka kama joto, na haiwezi kukusanywa tena. Ndiyo maana jua linahitajika kila siku.

Karibu kila mahali, nilisema, mnyororo huanza na jua. Mwaka 1977 wanasayansi wakiwa ndani ya chombo kidogo cha kuzamia kiitwacho Alvin walishuka karibu meta 2,500 chini ya bahari, jirani na visiwa vya Galápagos. Mwanga wa jua haufiki huko kamwe. Walikuwa wakitafuta chemchemi za maji ya moto yanayotoka kwenye nyufa za ardhi, wakazipata, na kandokando yake wakakuta chaza na viumbe wengine wengi. Miongoni mwao walikuwa minyoo wenye vishungi vyekundu, na baadhi ya minyoo wa namna hiyo hufikia urefu wa meta 2. Minyoo hao wakubwa hawana mdomo wala tumbo.

Wanakulaje? Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeitwa Colleen Cavanaugh alisikia katika mhadhara kwamba ndani ya minyoo hao kuna chembe za salfa, akatambua jibu: miilini mwao wanaishi bakteria wanaotengeneza chakula kwa nishati ya kemikali zenye salfa zinazotoka kwenye zile chemchemi. Bakteria hao ndio wazalishaji wa kule gizani, na minyoo hulishwa nao kutoka ndani.

Mnyororo huo usiuanzishe kwa jua. Uanzishe kwa ufa katika sakafu ya bahari, na mshale wa kwanza uutoe humo kwenda kwa bakteria. Kisha, pembeni, kwa rangi nyingine, weka alama ndogo ya oksijeni. Bakteria wanaoishi ndani ya minyoo wanaihitaji kwa kazi yao, nayo imeshuka na maji kutoka juu, ilikotengenezwa na mimea na vijimea, kwenye mwanga.